Chenga kwenye picha ya CT si ugonjwa

Simu ya ndani ililia saa tatu usiku. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, katika hospitali moja ya Kampala ambayo jina lake naliacha, na nilikuwa nimetoka kumpiga CT ya tumbo (eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande) mama mmoja mwembamba aliyekuja akijishika ubavu. "Kijana, picha zako zina chenga," daktari akasema kutoka ghorofa ya juu. "Mrudishe mgonjwa mezani." Nikasema sawa daktari, nikasimama. Mzee niliyekuwa naye zamu, Mnubi wa Bombo aliyenifundisha nusu ya kazi hii, alikuwa anakunywa chai. Hakuinuka. "Kaa chini," akaniambia. "Mama wa watu umwache. Fungua data ghafi."

Picha nilizokuwa nimepeleka zilikuwa za vipande vya milimita 1, tena zimepitishwa kwenye kichujio kikali kinachofaa mifupa. Tukazitengeneza upya kutoka data ile ile kwa vipande vya milimita 5 na kichujio laini. Dakika mbili, basi. Mgonjwa hakuguswa, alikuwa kwenye baraza anafunga kamba za viatu. Chenga zikapungua zaidi ya nusu. Simu ikalia tena: "Hizi sasa ndizo picha. Umeona ukitulia?" Jiwe la milimita 6 lilikuwa limekaa kwenye mrija wa mkojo, na lilikuwa limekaa pale pale kwenye picha za kwanza, kwa yeyote aliyetaka kuliona.

Kwa waliozaliwa zama za ving'amuzi: chenga ni zile punje nyeusi na nyeupe zilizokuwa zikicheza kwenye televisheni upepo ukigeuza antena. Nimekaa na mashine hizi zaidi ya miaka kumi na tano sasa, na kila nikisikia mjadala wa kupunguza mionzi ya CT, naona watu wanakimbilia mashine mpya na programu mpya. Mimi naona tatizo letu kubwa linaanzia karibu zaidi, kwenye hofu ya chenga. Daktari anaogopa kukosea, radiografa, yaani sisi wapiga picha, anaogopa simu ya daktari, fundi aliyefunga mashine aliogopa malalamiko ya mteja, na kila mmoja anaongeza mionzi kidogo ili alale usingizi. Anayelipa ni mgonjwa, na wala haoni risiti.

Chenga zinatoka wapi? Weka sufuria kumi uani rasharasha ikianza. Baada ya dakika moja hesabu matone: hii ina tisa, ile kumi na tatu, nyingine saba. Hakuna sufuria iliyokosea. Ndivyo matone yanavyoanguka. Iache mvua ya Aprili ipige saa nzima na sufuria zote zitakaribia kulingana. Detekta za CT, yaani vipokea mionzi vyake, ni sufuria hizo, na mionzi iliyopita mwilini ndiyo matone. Detekta ikipokea chembe 100, tofauti ya kubahatisha ni kama 10, yaani asilimia 10. Ikipokea 10,000, tofauti ni kama 100, yaani asilimia 1. Mionzi imeongezeka mara mia, chenga zimepungua mara kumi tu.

Hesabu hiyo ina pande mbili. Ukitaka chenga zipungue kwa nusu, utalazimika kumpiga mgonjwa mionzi mara nne. Hiyo ndiyo bei ya picha ya kupendeza. Upande wa pili ndio ninaoupenda: ukikata mionzi kwa nusu, chenga hazizidi mara mbili, zinazidi kwa asilimia 41 tu. Swali basi ni kama asilimia 41 hiyo inaficha kitu unachokitafuta, na hilo huwezi kulijibu bila kujua unatafuta nini.

Mtu anayechambua mchele akitafuta kokoto anaweza kufanya kazi yake kwa mwanga wa koroboi. Kokoto ni jeusi, mchele ni mweupe, vidole vyenyewe vinatosha. Lakini mwambie atoe punje zilizoanza kugeuka rangi kidogo tu, atakuomba umfungulie mlango jua liingie. Jiwe la figo ni kokoto. Linang'aa katikati ya nyama laini, na ndiyo sababu kuna protokoli (mipangilio ya mashine) za mawe zinazotumia chini ya milisivati 3, kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili, wakati CT ya kawaida ya tumbo hufika 8 hadi 10. Uvimbe mdogo wa saratani iliyosambaa kwenye ini ni ile punje iliyogeuka rangi. Hapo ukibana mionzi kupita kiasi umejidanganya. Mapafu nayo yamejaa hewa na hayahitaji mionzi mingi. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2011, wavutaji sigara waliopimwa kila mwaka kwa CT ya wastani wa milisivati 1.5 tu walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 20 pungufu ya wale waliopimwa kwa eksirei ya kifua. Picha zile hazikuwa za kutundikwa ukutani, lakini watu walipona.

Nimetaja milisivati, basi niseme zina uzito gani. Mtu yeyote duniani hupokea kwa wastani milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na kwenye pumzi yake. CT ya kichwa ni karibu kiasi hicho hicho. Makadirio ya wanasayansi wa Marekani ya mwaka 2006 yanasema milisivati 10 zinaweza kumletea mtu mmoja kati ya 1,000 saratani katika maisha yake yaliyobaki. Kwa mzee wa miaka 70 aliyeanguka na kupooza upande mmoja, hiyo si hoja. Apimwe sasa hivi. Kwa mtoto ni hoja, maana seli zake bado zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele ya ugonjwa kujitokeza. Mwaka 2023 watafiti wa Ulaya walitoa matokeo ya kufuatilia watoto na vijana karibu 950,000 katika nchi 9, wote walipimwa CT kabla ya kufika miaka 22. Hesabu yao: kati ya watoto 10,000 wanaopimwa leo, mmoja au wawili watapata saratani ya damu ndani ya miaka 12 kwa sababu ya kipimo hicho. Ni namba ndogo, ndiyo. Lakini Uganda ni nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawajafika miaka 18.

Hapa ndipo napenda kugombana na wenzangu wanaobeba mjadala wa Marekani mzimamzima na kuutua Kampala. Kule mwaka 2023 walipiga CT zipatazo milioni 93, na wanajiuliza ngapi hazikuhitajika. Sisi tuko watu milioni 45.9 kwa sensa ya 2024, na mpaka juzijuzi mtu wa Karamoja aliyeumia kichwa alihesabu kwanza mafuta ya gari. Hospitali za rufaa za mikoa ndiyo zimeanza kupata mashine hizi miaka ya karibuni. Nimewahi kuzungumza na baba aliyekataa mwanawe asipimwe kwa kuwa amesoma WhatsApp kwamba CT moja ni sawa na mamia ya eksirei za kifua. Hesabu yenyewe haiko mbali na ukweli kwa CT ya tumbo, lakini mtoto alikuwa amegongwa na bodaboda, anatapika, jicho moja mboni imepanuka. Alichotakiwa kukiogopa ni damu iliyokuwa inakusanyika chini ya fuvu. Kwa hiyo nikisema tupunguze mionzi, sina maana tupunguze vipimo wanavyovihitaji watu. Nchi yetu ina shida mbili zilizolala kitanda kimoja: wengi wanaostahili hawapimwi, na wanaopimwa wanapigwa zaidi ya walichohitaji.

(Mashine hii, niseme tu, ina damu ya Afrika. Hesabu zake za awali alianza kuzifikiria Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akisaidia Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London Oktoba 1971 kwenye mashine ya Godfrey Hounsfield, na mwaka 1979 wawili hao wakagawana Nobeli.)

Ukiniuliza mionzi yetu inapotelea wapi, nitakutajia awamu kabla ya kitu kingine chochote. Karatasi inaletwa imeandikwa "CT tumbo na kontrasti", yaani na dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani, na sisi tunapiga mara tatu, wakati mwingine mara nne: kabla ya dawa, dawa ikiwa kwenye ateri, dawa ikifika kwenye vena za ini, halafu tunasubiri dakika kadhaa tunapiga tena. Kila safari ya meza ni dozi kamili. Kuna magonjwa yanayostahili msafara huo wote. Saratani inayoanzia kwenye ini ni mojawapo, kwa kuwa inatambulika kwa namna inavyonyonya dawa mapema na kuiachia mapema. Lakini usaha wa apendiksi? Jeraha la tumbo? Homa isiyojulikana chanzo? Mara nyingi awamu moja ya vena inajibu. Ukifuta awamu mbili kati ya tatu umepunguza theluthi mbili ya mionzi, na hujaongeza hata punje moja ya chenga. Hakuna kompyuta ya kisasa inayouzwa kwa dola itakayokupa punguzo hilo bila kupoteza kitu.

Nikisema hivi naulizwa swali ambalo silidharau. "Huyu katoka Kaabong. Tukikuta kitu kwenye ini tutamrudishaje?" Ni kweli. Mtu amesafiri siku nzima, ameuza mbuzi, na tukimwambia arudi wiki ijayo hatarudi. Awamu nyingi ndiyo bima yetu. Tatizo ni kwamba tumeigeuza bima hiyo kuwa desturi ya kila mtu, hata anayekaa Ntinda na anaweza kurudi kwa miguu. Na hata huyo wa Kaabong, si lazima aamuliwe kabla hajalala mezani. Awamu ya kwanza ikishapigwa, daktari wa radiolojia aliyeko jengoni, au aliyeko nyumbani na intaneti yake, anaweza kuitazama kwa dakika tatu na kusema "inatosha" au "endelea". Kinachotushinda ni kwamba usiku hakuna anayepokea simu, basi tunapiga zote ili lawama isitukute.

Kuna na kurudia. Mzee anaingia na bahasha kubwa chini ya kwapa, ametoka nayo Soroti kwenye basi. Ndani kuna filamu mbili zenye vipicha vidogo ishirini ishirini, vyote vya nyama laini, hakuna hata kimoja cha mfupa. Sidii ipo, lakini kompyuta ya kliniki haina pa kuiingiza. Daktari anainua filamu dirishani, anakunja uso, anaandika: "rudieni". Mzee amelipa mara mbili kwa shilingi na mara mbili kwa mionzi, wakati data nzima, yenye mifupa na kila kitu, bado iko kwenye mashine ya kwanza, kama haijafutwa. Na hufutwa. Data ghafi hula nafasi, na baada ya siku chache mashine inaisafisha yenyewe. Nimeona madaktari wakituma picha ya filamu kwa WhatsApp, imepigwa kwa simu kwenye taa ya dari, na kivuli cha vidole vya mpigaji kimo. Tunacheka, lakini hata hiyo imeokoa vipimo vya kurudia zaidi ya mikutano mingi niliyohudhuria.

Mambo mengine nitayapita haraka kwa sababu ni mepesi, ila yanasahauliwa. Mgonjwa awekwe katikati ya tundu. Wale watoto wanaocheza na kivuli cha mkono ukutani wanajua ukikaribia taa kivuli kinakuwa kikubwa. Mgonjwa akikaa sentimita 4 karibu zaidi na tyubu inayotoa mionzi wakati wa picha ya mwanzo, mashine inamwona mnene na kumwongezea mionzi asiyohitaji. Kupandisha au kushusha meza ni sekunde tano. CT ya kifua ianzie juu kidogo ya mapafu, isianzie kidevuni. Mgonjwa mwembamba anayechomwa dawa ya kontrasti asipigwe kwa nguvu ya umeme ya kilovolti 120 kwa sababu tu ndivyo mashine ilivyokuja. Kwa 100, mionzi inashuka kwa karibu theluthi moja, na ayodini iliyomo kwenye dawa inang'aa zaidi, kwa hiyo chenga zinaongezeka lakini mishipa inaonekana vizuri vilevile. Na zile aproni za risasi tulizokuwa tukiwafunika wagonjwa sehemu za siri, wataalamu wa fizikia wa Marekani walishauri mwaka 2019 tuziache: ndani ya eneo la picha zinaweza kuifanya mashine iongeze nguvu.

Mashine karibu zote za leo zinajua kujirekebisha. Ni kama bodaboda anayepanda Nakasero: mlimani anaongeza mafuta, kwenye tambarare anaachia. Mionzi ikipita mabegani, penye mifupa pande zote, umeme wa tyubu unapanda. Ikifika kwenye mapafu unashuka. Watu wengi wanadhani hapo kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu mashine inauliza kwanza: unakubali chenga kiasi gani? Jibu liliandikwa siku ilipofungwa, na aliyeliandika alitaka mteja afurahi. Naijua mashine moja iliyotembea miaka sita na jibu hilo bila mtu kulifungua. Tulipolifungua na kuruhusu chenga zaidi kidogo kwa CT za kifua za ufuatiliaji, tulisubiri malalamiko mwezi mzima. Hayakuja.

Sasa wauzaji. Wanakuja na kompyuta ndogo na picha mbili: kushoto zina chenga, kulia ni safi kama maji ya chemchemi, na wanakwambia ya kulia imetumia mionzi michache. Hawadanganyi kabisa. Tangu mwisho wa muongo wa 2000 kuna njia za kutengeneza picha kwa kurudiarudia hesabu, na mwaka 2019 zikaidhinishwa Marekani zile za akili mnemba zilizofundishwa kutenganisha chenga na mwili. Mwaka 2021 ikaidhinishwa mashine inayohesabu kila chembe ya mionzi moja moja. Ni kazi nzuri, na zikija tutazipokea. Lakini jicho langu limejifunza kuogopa picha laini mno. Ukikata mionzi sana halafu ukamwachia kompyuta asafishe, anasafisha chenga pamoja na zile alama hafifu, na uvimbe mdogo wa ini unaweza kwenda na maji ya kufulia. Picha inabaki nzuri na haina jibu. Chenga zina uaminifu wake: zikizidi, zinakwambia wazi kwamba huoni.

Kuna hoja moja ya pesa ambayo nimeona inawaamsha wakurugenzi kuliko maneno yote ya saratani. Tyubu ya CT hufa kwa joto, na ni kipuri cha bei ya kutisha, hakiuzwi Katwe. Kila awamu iliyofutwa na kila miliampea iliyoshushwa ni joto ambalo tyubu haikulipata. Mkurugenzi aliyewahi kukaa wiki tatu bila mashine akisubiri kipuri kutoka ng'ambo huelewa sentensi hiyo mara moja.

Watoto nimewaacha nyuma makusudi. Kwanza, wapo wasiohitaji kulala kwenye meza ile kabisa. Mwaka 2009 madaktari wa Amerika Kaskazini walichapisha uchunguzi wa watoto 42,412 walioumia kichwa, wakatoa maswali machache ya kuuliza pembeni ya kitanda: amepoteza fahamu? anatapika? kuna dalili ya fuvu kuvunjika chini? ameangukaje? Mtoto asiye na hata moja anaweza kuangaliwa saa kadhaa na muuguzi badala ya kupigwa. Muuguzi hahitaji jenereta. Kwa maumivu ya tumbo ianze ultrasaundi, na kwenye hiyo Uganda si masikini. Pale Mengo kuna chuo kimefundisha wataalamu wa ultrasaundi wa nchi nyingi za Afrika.

Pili, namba ya mtoto kwenye skrini ina mtego. Mashine inatangaza dozi kwa miligrei, kipimo kingine cha mionzi, lakini hiyo ni dozi ya silinda ya plastiki, si ya mgonjwa wako. Silinda ziko mbili: ya sentimita 16 kwa kichwa, ya sentimita 32 kwa kiwiliwili. Mtoto wa miaka miwili akipigwa tumbo, mashine nyingi humhesabia kwa ile ya 32, kana kwamba ni mtu mzima mwenye kitambi. Skrini ikisema miligrei 5, mwili wake mdogo umepokea kama 10. Nimekutana na watu wazima wenye vyeti ukutani wasiolijua hili, na mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka minne kabla mtu hajaniambia.

Tatu ni kuitazama namba yenyewe. Mwaka 2009 iligundulika kwamba katika hospitali moja ya Los Angeles wagonjwa 206 wa kiharusi walikuwa wamepigwa karibu mara nane ya dozi iliyokusudiwa, kwa muda wa miezi 18. Wengine walinyonyoka nywele. Mashine haikuharibika. Mpangilio ulikuwa umebadilishwa, namba ikawa inaonekana kwenye skrini kila siku, na kila siku hakuna aliyeisoma. Kama kule penye wanafizikia kila ghorofa ilichukua mwaka na nusu, sisi tusijipe moyo kwa kuwa hatujasikia mtu aliyenyonyoka nywele.

Sheria tunayo. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008 iliunda baraza la kusimamia, kanuni zikafuata 2012, na chumba cha mionzi kinatakiwa kuwa na leseni. Wataalamu wetu wenyewe mwaka 2022 walichapisha utafiti wa kuelekea kwenye viwango vya taifa vya marejeo kwa CT za watu wazima, ambao ni mwanzo mzuri. Kiwango cha marejeo si mstari wa polisi. Ni kipimo cha kujipima: ukiwa juu yake jiulize kwa nini, na ukiwa chini mno jiulize pia, kwa sababu picha isiyojibu swali imempa mgonjwa mionzi ya bure. Lakini leseni ya ukutani haiingii kwenye protokoli saa nane usiku. Huingia mtu aliyeko zamu. Na kazi inayotakiwa haihitaji mfadhili: chukua wagonjwa 20 wa kipimo kimoja, andika dozi zao kwenye daftari, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, tazama ya katikati. Hiyo ndiyo namba ya hospitali yako. Rudia baada ya miezi sita. Sisi tulianza na vipimo vinne, tukaandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika juu ya kibodi kwa plasta ya kidonda, na kwa watoto ambao hatukuwa na wagonjwa wa kutosha tukaazima namba za Ulaya: kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka sita, miligrei 40.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu na binti wa mafunzo ya vitendo, siku yake ya tisa. Akaletwa mtoto wa miaka minne aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, ametapika mara tatu, hajitambui vizuri. Binti akamlaza, akamzungumzia Kilugbara kumtuliza, akarudi kwenye kompyuta. Mashine huonyesha dozi inayotarajiwa kabla hujabonyeza. Akanyamaza kidogo. "Mzee," akasema, nami nina miaka arobaini na moja tu, "hapa inasema 58. Karatasi inasema 40." Protokoli ya mtu mzima wa mwisho ilikuwa imebaki. Akaibadilisha, ikashuka hadi 34, akabonyeza.

Picha zikaenda juu. Baada ya dakika saba simu ikalia na nikaipokea mimi. Daktari alisema fuvu zima, hakuna damu, mtoto aende wodini akaangaliwe. Halafu akasema, "Ila picha zina chenga kidogo." Nikamwambia najua.